TONDEZI YA NYUMBANI: KUNYOANA KATIKA FAMILIA NA HAKI YA JIRANI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo: darasa letu la Ijumaa hii ni juu ya jambo ambalo wengine watasema ni dogo mno kuandikiwa karatasi ya msikitini. Ni kunyoana nywele nyumbani kwa mashine ya umeme, ile ambayo hapa Kolwezi tunaiita tondezi. Usicheke. Dini iliyotufundisha mpaka adabu ya kuingia chooni haiwezi kukiacha kichwa cha mtu bila mafundisho.

Sababu ya kuandika ni maswali. Siku hizi si ajabu, uwe Manika au uwe Dilala, kukuta lupango ambamo baba amenunua tondezi yake na kila baada ya wiki mbili anawapanga watoto wake wa kiume kwenye kiti cha plastiki. Basi watu wananiuliza: je, mke wangu anaweza kuninyoa? Kijana wangu anataka mtindo wa degrade, nimkubalie? Na swali linaloleta ugomvi kuliko yote: jirani anaazima tondezi kila Alhamisi jioni, nikimnyima nitakuwa nimefanya dhambi? Soma mpaka mwisho, maana hilo la jirani ndilo lenye uzito.

HESHIMA YA KICHWA

Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), katika Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza kila mwenye nywele aziheshimu. Kuziheshimu ni kuziosha, kuzichana, na kutoziacha kama kichaka. Katika Sahihi Muslim, Anas (R.A.) anaeleza kuwa waliwekewa muda katika kupunguza masharubu, kukata kucha na kuondoa nywele za kwapa na za siri, kwamba wasipitishe siku 40. Nywele za kichwa hazimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo usimsumbue mwenzako mwenye nywele ndefu zilizo safi, kwani nywele za Mtume mwenyewe zilikuwa zikifika masikioni, na mara nyingine mabegani.

Lakini Hadithi ambayo nataka ukae nayo leo ni ile aliyoipokea Abdullah bin Jaafar (R.A.), nayo pia iko katika Abu Daud. Jaafar, binamu yake Mtume, aliuawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra. Mtume aliiachia familia yake siku tatu za kulia. Kisha akaenda kwao, akawazuia wasiendelee kumlilia baada ya siku hiyo, akaagiza waletwe watoto wa marehemu. Wakaletwa wadogo wadogo, wamenyong'onyea kama vifaranga. Akaita kinyozi, akaamrisha wanyolewe vichwa vyao.

Tazama, ndugu msomaji. Yatima wana njaa, wana hofu, mama yao ana huzuni, na Mtume anaita kinyozi! Watoto waliofiwa walikuwa wamesahauliwa vichwa vyao, maana nyumba ya msiba haina mtu wa kukumbuka nywele za mtoto. Sisi hapa tunajua nyumba za namna hiyo. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV, wakafa wachimbaji zaidi ya 30 kwa siku moja, na kabla na baada ya hapo mashimo yetu hayajaacha kumeza baba za watu. Wewe mwenye tondezi, Ijumaa ukiwaweka wanao kwenye kiti, mwite na mtoto wa yule aliyebaki na mama peke yake. Hutapungukiwa na kitu isipokuwa matone mawili ya mafuta na robo saa.

DEGRADE NA QAZAA

Ibn Umar (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza qazaa. Nafii alipoulizwa maana yake, alieleza kuwa ni kunyoa sehemu ya kichwa cha mtoto na kuacha sehemu nyingine. Na katika Abu Daud imekuja kwamba Mtume alimwona mtoto aliyenyolewa kipande, akawaagiza watu wake ama wanyoe chote ama waache chote. Imam Nawawi, ambaye sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii tunamtegemea sana, ameeleza kuwa wanachuoni wameafikiana kuwa qazaa ni makruhu, isipokuwa kwa ajili ya matibabu. Makruhu, sikusema haramu. Hilo mzazi alijue kabla hajanyanyua fimbo.

Sasa degrade. Kama pembeni umetumia kichana cha milimita 3 na juu cha milimita 6, hapo hukunyoa sehemu na kuacha sehemu. Umepunguza kote, huku zaidi na huku kidogo, na mimi sioni qazaa ndani yake. Lakini yule kijana anayetoka amekwanguliwa pembeni mpaka ngozi inang'aa kama sufuria, na juu ya kichwa amebaki na kichaka kama wanavyoonekana wacheza mpira kwenye televisheni, huyo ameingia kwenye katazo lenyewe. Tondezi ya nyumbani ina faida hapa: namba ya kichana anaichagua baba, na mtoto hazozani na kinyozi. Ila kijana wa miaka 16 ukimlazimisha kwa nguvu akae kwenye kiti, usishangae akinyolewa kwa rafiki yake kesho yake. Zungumza naye kwanza.

Ama mke kumnyoa mume, hakuna ubaya hata kidogo. Mama yetu Aisha (R.A.) alikuwa akimchana Mtume nywele wakati yeye yuko katika itikafu msikitini, alikuwa akimtolea kichwa naye yuko chumbani mwake. Kisichofaa ni mwanamume kwenda kuketi mbele ya mwanamke asiyekuwa mahram wake katika saloni, amshike kichwa na shingo, halafu aseme ni kazi tu.

VUMBI NA MAGONJWA

Kabla ya kushika mashine, osha kichwa. Kwa watu wa mahali pengine hii ni nasaha ya usafi tu. Kwetu sisi ni zaidi. Kuanzia Mei mpaka Septemba vumbi la Kolwezi linaingia mpaka ndani ya chungu, na si vumbi la barabara peke yake. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi wao juu ya Kasulo, kartie ambayo watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji wa pale kuliko wale wa kartie jirani, na watoto ndio waliozidi, na vumbi la majumbani nalo lilikuwa na kobalti. Baba anayetoka kwenye shimo au kwenye kuosha mawe anakuja na vumbi hilo nyweleni. Ukipitisha tondezi katika nywele hizo kavu, vumbi linaruka, na mtoto aliyesimama karibu akingoja zamu yake analivuta. Kwa hiyo: maji na sabuni, suuza vizuri, kausha kwa kitambaa, ndipo unyoe. Nyoa nje kwenye hewa, si kwenye chumba cha kulia. Na meno ya tondezi nayo yatakushukuru, maana mchanga ndio unaoyafanya butu.

Nakuja kwenye magonjwa. Katika madrasa mwalimu anaviona vichwa vya watoto kuliko wazazi wanavyoviona, kwani mtoto anainamia ubao wake na utosi uko mbele ya macho yako. Ile mikatiko ya mviringo yenye unga mweupe, nywele zimekatika kama zimeliwa, ni choa. Si mdudu na si laana. Ni kuvu inayokula ngozi na nywele, na inatembea kutoka kichwa hiki kwenda kile kwa kitana, kofia, taulo na tondezi. Mzazi anapaka mafuta ya kila namna na choa hakiondoki, kwa sababu choa cha kichwani kimeingia ndani ya shina la unywele. Dawa yake ni vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, anavyoviandika mganga wa hospitali. Mtoto huyo unaweza kumnyoa, lakini awe wa mwisho, na mashine isafishwe kabisa baada yake.

La pili ni ugonjwa wa ini, epatiti B. Watu wanaogopa sana ukimwi kwenye wembe wa kinyozi, na wembe kweli usitumiwe na watu wawili. Lakini kirusi cha ukimwi ni dhaifu kikiwa nje ya mwili. Kile cha epatiti B ni kigumu: kinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho halioni. Mkwaruzo mdogo nyuma ya sikio unatosha. Chanjo yake iko. Uliza kwenye kituo cha afya, maana wengi wetu tuliozaliwa zamani hatukuchanjwa utotoni.

La tatu si la kuambukiza, lakini linatesa wanaume wengi weusi: vipele vya kidevu na vya kisogoni. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikwangua mpaka chini ya ngozi, ncha yake ikiota inajipinda na kurudi ndani, mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Kisogoni vipele hivyo vikirudiwarudiwa vinakuwa vinundu vigumu visivyoondoka. Dawa ya kwanza ni kuacha kukwangua. Bakiza milimita moja ya nywele, wala usikandamize mashine kwenye shingo. Hapa tondezi ni bora kuliko wembe, na mwenye vipele kidevuni asione tabu kufuga ndevu, ni sunna na ni tiba.

KUIJUA MASHINE

Tondezi ya umeme si kitu cha jana. Mwaka 1919 Mmarekani Leo J. Wahl, wa mji wa Sterling katika Illinois, aliomba haki ya uvumbuzi wake wa mashine inayotikiswa kwa sumaku ya umeme. Mpaka leo tondezi nyingi za waya zinafanya kazi hivyo hivyo. Ndani mna waya uliozungushwa. Umeme ukipita unakuwa sumaku, unavuta mkono wa chuma, unauachia, unauvuta tena. Umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na mkono unavutwa mara mbili katika kila pigo, kwa hiyo meno yanakwenda na kurudi kama mara 6.000 kwa dakika.

Nimeeleza hayo kwa sababu yanakufafanulia mambo mawili. Kwanza, tondezi iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye 220 zetu utasikia harufu kabla hujasema Bismillahi. Soma maandishi madogo chini yake. Pili, umeme ukiwa hafifu sumaku nayo inakuwa hafifu, meno hayasafiri njia yake yote, na mashine inang'oa nywele badala ya kuzikata. Mtoto analia na baba anasema mtoto hana adabu! Kumbe kosa ni la umeme. Ajabu ya Mungu, mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapa hapa kwenye mto wetu Lualaba, lakini migodi ndiyo inayotangulia kunywa, sisi tunapata yaliyobaki.

Ubavuni mwa tondezi nyingi za namna hiyo pana skrubu ndogo. Ikiwa mashine inagongagonga kwa kelele, zungusha skrubu hiyo polepole mpaka kelele ikatike na ibaki sauti moja ya kuvuma. Umeme ukipungua au ukihamia kwenye grupu, huenda ukahitaji kuirekebisha tena. Watu wengi wametupa mashine nzima kwa kutoijua skrubu hiyo.

Za betri hazina shida ya kukatika umeme, ila usiinunue kwa kuangalia rangi yake. Chaji ijae kabla ya kuanza, maana ikiisha katikati ya kichwa umemwachia mtoto qazaa bila kukusudia. Na katika betri za lithiamu mara nyingi mna kobalti. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, basi huenda jiwe lililotoka chini ya Kolwezi limezunguka bahari na kurudi sokoni ndani ya tondezi, na tunalinunua kwa dola.

Meno ni mawili: la chini lisilotembea, ndilo linalogusa ngozi, na la juu linalotembea. Angalia ncha zao. La juu liwe nyuma ya la chini kwa kiasi cha milimita moja hivi. Likilingana nalo au kulipita, litakata ngozi. Ukilegeza zile skrubu mbili ili kusafisha, usikaze mpaka umepima hilo kwa jicho. Matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kabla ya kazi, mashine ikiwa inazunguka, na tena baada ya kazi. Mafuta ya mawese au ya kupikia yanaganda kama gundi, usiyatie.

Kuhusu vichana vya plastiki: namba 1 inabakiza milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10, namba 4 milimita 13. Kama hujazoea, anza na namba kubwa. Ukikosea kwa urefu utapunguza. Ukikosea kwa ufupi utangoja mwezi mzima. Anza upande wa kulia, kwani Mtume (S.A.W.) katika Hija alimpa kinyozi upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Panda kutoka kisogoni kuelekea utosini, kinyume na nywele zinavyolala, mkono wa pili ukivuta ngozi kidogo. Utosini nywele zinazunguka, basi nawe pita pande zote. Kunja sikio kwa kidole. Mtoto mdogo mwoneshe kwanza mashine ikiwa imezimwa, kisha iwashe mgongoni mwa mkono wako ili aone haikuli. Ikipata moto, izime, ipumzike.

JIRANI NA MASHINE YAKO

Sasa lile swali. Mwenyezi Mungu (S.W.T.), katika Surat Al-Maun, amewatisha watu wanaosali huku wameghafilika na sala zao, wanaojionesha, na wanaozuia vyombo vidogo vya msaada. Ibn Masud (R.A.) alieleza kuwa zama za Mtume walikuwa wakihesabu katika vyombo hivyo ndoo na chungu wanavyoazimana watu. Hakuna mwanachuoni ambaye akiishi leo Kolwezi angeshindwa kuiona tondezi katika kundi hilo. Basi mwenye kusema tu "sitoi, nunua yako", na hana sababu, ajiangalie.

Upande mwingine, Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kulipana madhara. Tondezi si ndoo. Ndoo haichukui damu ya Papa fulani kuipeleka kwenye kichwa cha mwanao. Mashine inayozunguka lupango sita kwa wiki, inarudi na nywele za watu katikati ya meno, imekuwa ni chombo cha kugawa magonjwa, na mwenye nayo amejua. Haya mambo mawili yote ni ya dini. Usichukue moja ukaliacha jingine.

Njia ninayoiona bora ni hii: usiitoe mashine, mtoe mkono. Mwambie kwa uso mzuri: "Papa Yusufu, tondezi iko, lakini haitoki mu lupango. Lete watoto, tutawanyolea hapa." Hapo hukuzuia msaada, umeuzidisha, kwani umempa mashine na kazi yako. Na usafi umebaki mikononi mwako. Usiulize mbele ya watu kama ana ugonjwa, wala usimtazame mtoto wake kichwani huku unakunja uso. Safisha baada ya kila kichwa, mtoto wako na wa jirani sawasawa, ili mgonjwa asijulikane na asiaibike. Huo ndio ufumbuzi wa aibu: kanuni moja kwa wote.

Kusafisha kwenyewe kuko hivi. Zima, chomoa waya ukutani. Piga meno kwa brashi mpaka nywele zote zitoke, kwani dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Lowesha meno kwa alkoli ya digrii 70 ya farmasi, acha ikauke yenyewe, usiifute. Usiwashe mashine ikiwa bado mbichi na alkoli, wala usifanye hivyo karibu na makaa, maana alkoli inawaka. Ikikauka, tia mafuta. Javeli usiiguse kwenye meno ya chuma, itayala; ni nzuri kwa vichana vya plastiki, uviloweke katika maji yaliyotiwa javeli baada ya kuviosha kwa sabuni. Pakitoka damu, simama hapo hapo: mashine haiendi kwa mtu mwingine mpaka meno yametolewa, yameoshwa kwa sabuni na kulowekwa katika alkoli. Na kitambaa cha shingoni kila mtu alete cha kwake. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hatari ya mpox, ambayo nchi yetu ndiyo iliyoumia nayo kuliko zote, tuliambiwa kuwa nguo na mataulo ya mgonjwa nayo yanaambukiza. Desturi ya kitambaa kimoja kwa vichwa kumi ife.

Kama hali inakulazimisha kuitoa, kwa mfano mzee hawezi kutembea, basi iende na chupa ya alkoli na brashi, au wanunue meno yao wenyewe, kwani meno yanauzwa peke yake na yanabadilishwa kwa skrubu mbili. Na ikiharibika huko? Katika madhehebu ya Shafii kilichoazimwa kiko katika dhamana ya aliyeazima, hata kama hakuzembea, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi yale aliyoruhusiwa. Meno yakiwa butu kwa kunyoa, hadaiwi. Ikiungua kwenye grupu lake, analipa. Semeni hivyo mapema, siku ya kuazima, huku mkicheka, msingoje siku ya kugombana.

VINYOZI WASITUELEWE VIBAYA

Atakuja kijana wa saloni aniambie, "Sheikh, umetunyang'anya mkate." Sivyo. Baba mwenye vijana watatu, naye wa nne, akinyoa mara mbili kwa mwezi, tuseme kwa franka 2.000 kichwa kimoja, ni franka 16.000 kwa mwezi na 192.000 kwa mwaka. Kwa mchimbaji ambaye wiki nyingine harudi na kitu, hizo ni daftari na unga. Hatuwezi kumlaumu akinunua mashine. Lakini mwenye uwezo na aende kwa kinyozi, amlipe bila kubishana, na akipenda abebe tondezi yake mwenyewe mfukoni. Kinyozi mwenye busara hakasiriki. Kazi yake ni ya heshima. Wanachuoni wanasimulia kwamba Imam Abu Hanifa alipokwenda Hija alifundishwa na kinyozi adabu za kunyolewa, aelekee kibla na atangulize upande wa kulia, naye hakuona haya kulisimulia jambo hilo. Wewe kinyozi, weka chupa yako ya alkoli mahali mteja anapoiona na usafishe mbele ya macho yake. Atarudi.

MASWALI YALIYOBAKI

Kunyoa hakutengui udhu. Nywele zilizokatwa ni tohara, wala hazinajisi nguo. Baadhi ya wanachuoni wamependa zifukiwe, na ni vizuri, kwa ajili ya usafi na heshima ya mwili wa binadamu. Lakini wapo wanaonyoana nyumbani kwa hofu tu kwamba mlozi atabeba nywele zao kutoka saloni, na usiku hawanyoi kabisa. Fukia nywele zako, kisha lala usingizi. Kinga ya mchawi ni Ayat Al-Kursiy na Sura mbili za kinga, haiko kwenye shimo la nywele.

Siku ya Ijumaa nyoa asubuhi, kabla ya kuoga josho la Ijumaa, ili maji yaondoe vinywele. Adhana ikiita na mtoto wa tatu bado nusu kichwa, funika kichwa kwa kofia, twendeni msikitini, mtamaliza baadaye.

Na mwenye nia ya kuchinja Idi ya Adh-ha, Umm Salama (R.A.) amepokea katika Muslim kwamba mwezi wa Dhulhija ukiandama asiguse nywele zake wala kucha mpaka achinje. Hilo linamhusu yeye anayechinja. Watoto wake anaweza kuwanyoa siku hizo, na vilevile watoto wa jirani. Basi yeye ajinyoe jioni ya mwisho wa Dhulkaada kabla ya mwezi kuonekana, na tondezi aiache juu ya meza, imetiwa mafuta, kwa ajili ya wengine.

Wabillahi taufiq.